Sura ya Sita: Pumzi Iliyobaki

Anayetoka Ipogolo kwenda Iringa mjini kwa miguu lazima apande mlima. Kata ya Ipogolo imekaa bondeni, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Mji wenyewe uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kijana mwenye afya hupanda huku akiongea na simu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu hupimwa na mlima huo hata kabla hajamwona daktari. Mwanzoni anapanda kwa kusimama mara mbili tatu. Baadaye anachukua bajaji kwa safari aliyozoea kuitembea. Kisha mjini haendi tena, anatuma mtoto. Ukifika wakati ambapo bomba la jirani ni mbali, na choo cha uani kinamlazimu kupumzika njiani, ugonjwa umeshasema mengi kuhusu miezi iliyo mbele.

Familia hubeba swali moja moyoni na huogopa kulitamka: mgonjwa wetu ana muda gani? Sayansi imelifanyia kazi swali hili kwa miongo kadhaa. Majibu yake hayatoi tarehe, lakini yana manufaa makubwa kwa anayejua namna ya kuyatumia. Ninaamini kwamba Nyanda za Juu Kusini, ambako mashine ni chache na hospitali ya rufaa ni safari, majibu hayo yanahitajika kuliko kwingine.

Ugonjwa wenye majina mengi

Wahudumu wa afya huuita COPD. Mitaani huitwa pumu, kifua, au kubanwa. Njia za hewa ndani ya mapafu husinyaa na kujaa makohozi, na kuta za vifuko vya hewa huharibika, hivyo hewa iliyoingia haitoki yote. Mgonjwa anavuta pumzi mpya juu ya ile ya zamani iliyonasa. Pumu ya kawaida hubana na kuachia. Huu hubana na kubaki, na kila mwaka unabana zaidi.

Katika nchi tajiri chanzo kikubwa ni sigara. Huku kwetu sigara ipo, lakini kuna pia moshi wa jikoni. Mama aliyepika kwa kuni tangu utotoni, mpika pombe ya komoni anayekaa mbele ya pipa la moto kutwa nzima, familia inayoingiza jiko la mkaa chumbani kwa baridi ya Juni na Julai: wote wanavuta kile ambacho mapafu hayakuumbwa kukivuta. Utafiti ulioongozwa na Dk. Ng'weina Francis Magitta katika eneo la vijijini Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta dalili za kipimo za ugonjwa huu kwa takriban asilimia 17.5 ya watu wazima waliopimwa. Waliowahi kupata dawa yoyote walikuwa chini ya 2 kati ya 100. Mwaka 2015 watafiti wa Masindi, Uganda, nao walikuwa wametoa asilimia 16.2.

Kuna chanzo cha tatu chenye uzito wa pekee hapa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini: asilimia 12.7, 11.1 na 9.6 kwa watu wazima. Pale penye VVU hapakosi kifua kikuu, na kifua kikuu kikishapona huacha makovu. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kimekuwa mmoja wa washirika wa mradi wa TB Sequel, unaowafuatilia wagonjwa wa Tanzania, Msumbiji, Gambia na Afrika Kusini ili kujua mapafu yao yanabaki katika hali gani baada ya dawa. Blantyre, Malawi, uchunguzi wa watu 405 waliomaliza matibabu ya kifua kikuu ulikuta zaidi ya theluthi moja wakiwa na upungufu kwenye kipimo cha kupuliza. Cheti kinasema amepona. Kifua kinasema bado.

Hesabu ya miaka

Mwaka 2004 Bartolome Celli na wenzake walichapisha kipimo kiitwacho BODE. Hadi wakati huo madaktari walitegemea zaidi spirometa, mashine ambayo mgonjwa huipuliza kwa nguvu ili ionekane hewa kiasi gani inatoka katika sekunde ya kwanza. Celli alionyesha kwamba mapafu peke yake hayaelezi yote. Mtu hufa na mwili mzima, kwa hiyo mwili mzima upimwe. BODE huhesabu mambo manne: uwiano wa uzito na urefu, nguvu ya kupuliza, kiwango cha kukosa pumzi katika shughuli za kila siku, na umbali mtu anaoweza kutembea kwa dakika sita. Alama zinaanzia 0 hadi 10.

Tuchukue mgonjwa wa kufikirika, mama wa miaka 62. Ana uzito wa kilo 46 na urefu wa mita 1.58, hivyo uwiano wake ni 18.4, na uwiano wa 21 au chini ni alama 1. Anapuliza asilimia 40 ya kile ambacho mtu wa umri na kimo chake angepuliza: alama 2. Akitembea mita mia moja hivi mahali tambarare anasimama kutafuta pumzi: alama 2. Katika dakika sita anafika mita 210: alama 2. Jumla ni 7. Katika utafiti wa Celli, wagonjwa wa alama 7 hadi 10 walikuwa kundi la hatari zaidi. Miezi 52 ilipopita, takriban 80 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki.

Angalia sasa vifaa vilivyohitajika. Mizani, futi ya kupimia urefu, saa, na ukumbi au uwanja wa kutembelea. Ni spirometa tu ambayo zahanati nyingi hazina. Vipengele vitatu kati ya vinne vinaweza kupatikana katika kituo chochote cha afya asubuhi moja, na muuguzi anayeandika uzito na umbali wa mgonjwa kila baada ya miezi mitatu ana kumbukumbu yenye thamani kubwa. Uzito ukishuka na hatua zikipungua kwa pamoja, ugonjwa unaongeza mwendo.

Namba hizi zisomwe kwa uangalifu. Kusema 80 kati ya 100 hakumwambii mama huyu kama yeye ni wa 80 au wa 20. Mkulima akiambiwa uwezekano wa mvua ni mkubwa wiki hii, haulizi itanyesha saa ngapi. Anatayarisha shamba na mbegu. Utabiri wa ugonjwa nao ni wa kumtayarisha mtu, na anayeutumia kutaja siku ameutumia vibaya.

Hesabu ya wiki

BODE inahesabu miaka. Mgonjwa anapobanwa ghafla usiku, akapelekwa wodini akiwa amekaa wima, mabega juu, midomo ya bluu, swali huwa ni la siku na wiki. Hapo kuna vipimo vingine.

Ukubwa wa hatari hiyo ulionyeshwa na utafiti wa Marekani ulioitwa SUPPORT, uliofanyika katika hospitali kubwa tano. Alfred Connors na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 1,016 waliolazwa kwa kuzidiwa sana, hewa chafu ya kaboni ikiwa imewajaa kwenye damu. Asilimia 11 walifia hospitalini. Baada ya siku 60 waliofariki walikuwa asilimia 20. Baada ya siku 180, asilimia 33. Baada ya mwaka, asilimia 43. Familia nyingi huona kutoka wodini ndiyo mwisho wa hatari. Takwimu hizi zinasema hatari kubwa inamfuata mgonjwa hadi nyumbani. Utafiti wa Kanada wa Samy Suissa na wenzake, wa mwaka 2012, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 73,000, uliona nusu yao wamefariki ndani ya miaka 3.6 tangu walazwe kwa mara ya kwanza. Kila kulazwa kupya kulifupisha muda hadi kulazwa kwingine. Kwa hiyo swali la "amelazwa mara ngapi mwaka huu?" ni kipimo halisi, na halihitaji maabara.

Mwaka huo huo wa 2012, John Steer na wenzake wa kaskazini mashariki mwa Uingereza walitoa kipimo cha DECAF kutokana na wagonjwa 920. Kinaangalia mambo matano mgonjwa anapofika: alivyokuwa akikosa pumzi kabla ya kuzidiwa, upungufu wa aina moja ya chembe nyeupe za damu, nimonia kwenye picha ya eksirei, ukali wa tindikali katika damu, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kati ya waliopata alama 0 au 1, aliyefariki hospitalini alikuwa takriban mmoja kati ya 100. Waliopata 3 na kuendelea, karibu robo hawakutoka hai.

Kipengele kimoja cha DECAF kinastahili kukumbukwa na kila anayefanya kazi wodini. Mgonjwa au ndugu yake anaulizwa: kabla ya kuzidiwa safari hii, alikuwa anaweza kutoka nje ya nyumba bila kusaidiwa? Kama hakuweza, je, alikuwa anaoga na kuvaa mwenyewe? Aliyekuwa hatoki lakini anajiogesha anapata alama 1. Aliyekuwa anaogeshwa na kuvishwa anapata 2, alama nyingi kuliko zinazotolewa na kipengele kingine chochote. Binti anayemkanda mama yake maji ya moto kila asubuhi amebeba taarifa ambayo mashine ya gesi za damu haina. Aulizwe, na jibu lake liandikwe kwenye faili.

Hesabu inapokosea

Sasa tufike kwenye jambo linaloutofautisha ugonjwa huu na saratani. Watafiti wa SUPPORT walirudi nyuma wakaangalia utabiri wa kitaalamu waliokuwa wameukokotoa kwa wagonjwa waliokuwa wamebakiza siku tano tu za kuishi. Wenye saratani ya mapafu walikuwa wamepewa nafasi ya chini ya asilimia 10 ya kuishi miezi sita. Wenye COPD walikuwa wamepewa zaidi ya asilimia 50. Siku tano kabla ya kifo, hesabu bora ya wakati huo iliona kwamba wana nafasi nzuri ya kuiona nusu mwaka ijayo.

Sababu iko kwenye mwenendo wa ugonjwa. Saratani mara nyingi humshusha mgonjwa kwa mteremko unaoonekana. COPD humwangusha, humwinua nusu, humwacha pale kwa miezi, humwangusha tena. Kila anguko linaweza kuwa la mwisho, na kila moja linafanana na lile alilowahi kunusurika. Ndugu wameshamwona akirudi kutoka wodini mara nne, na wanatarajia ya tano. Daktari naye anatarajia.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mwaka 2007 Martin Wildman na wenzake wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 832 wa kubanwa kifua waliopelekwa katika uangalizi maalumu. Madaktari walitabiri kwamba asilimia 49 wangekuwa hai baada ya siku 180. Waliokuwa hai ni asilimia 62. Katika kundi ambalo madaktari walilikatia tamaa zaidi, wakilipa nafasi ya asilimia 10 tu, walionusurika walikuwa asilimia 40. Daktari mwenye utabiri mbaya akiwa na kitanda kimoja cha kugawa, utabiri wake unaweza kugeuka hukumu.

Makosa haya mawili yanafundisha jambo moja. Anayengoja uhakika ndipo azungumze na mgonjwa atazungumza akiwa amechelewa, na anayeona tayari ana uhakika wa kifo atamnyima mtu matibabu aliyostahili. Matibabu na mazungumzo viende pamoja tangu mapema.

Vipimo vya ugenini, miili ya hapa

BODE na DECAF havikutengenezwa kwa ajili ya Ipogolo. Wagonjwa wa DECAF walikuwa na wastani wa miaka 73, wengi wao wavutaji wa sigara. Wa kwetu wapo wa miaka arobaini na hamsini, na wapo wanawake wasiowahi kugusa sigara. Utafiti wa Mexico wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba umri na ukali wa ugonjwa vikizingatiwa, walioharibiwa mapafu na kuni huishi takriban sawa na walioharibiwa na tumbaku. Hapo tunaweza kuazima. Mahali pengine tunahitaji tahadhari.

Ya kwanza ni uzito. Kwa mzee wa Uingereza, kukonda ni dalili kwamba ugonjwa wa mapafu unaula mwili. Kwa mama wa Iringa aliyewahi kuugua kifua kikuu, kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu kimerudi, au VVU visivyodhibitiwa, na vyote viwili vina dawa. Makohozi yapimwe na damu ipimwe kabla ya mtu yeyote kutamka kwamba mwisho umekaribia. Huku kwetu kila dalili inayoashiria kifo iulizwe kwanza kama inatibika.

Ya pili ni mwinuko. Msukumo wa hewa Iringa ni takriban asilimia 84 ya ule wa Dar es Salaam, na Mbeya ni mdogo zaidi. Mtu mwenye afya huenda asione tofauti. Mgonjwa ambaye mapafu yake yako ukingoni huiona, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitaonyesha namba ya chini kuliko ambayo angeonyesha akiwa pwani. Namba hiyo isilinganishwe kirahisi na viwango vya vitabu vya nchi tambarare. Ilinganishwe na ya mgonjwa mwenyewe siku alipokuwa na nafuu, na kwa hiyo siku ya nafuu nayo apimwe na iandikwe.

Ya tatu ni kilichopo na kisichopo. Mtu anaweza kufa kwa sababu dawa ya pampu yake iliisha, nauli ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ilikosekana, au umeme ulikatika mtungi wa oksijeni ukiwa mtupu. Kifo hicho hakikuandikwa kwenye mapafu, na hakuna alama inayokihesabu. Muuguzi anayeuliza nani atakuja na mgonjwa usiku akizidiwa, na kwa usafiri gani, anapima hatari iliyo kubwa kweli.

Kutabiri ili kufanya nini

Mgonjwa akiwa katika kundi la hatari, yako mambo yanayoweza kubadilishwa. La kwanza ni namna ya kumpa oksijeni anapozidiwa. Michael Austin na wenzake, katika utafiti wa Tasmania uliochapishwa mwaka 2010, waliwagawa wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa. Waliopewa oksijeni kwa kipimo, ikilengwa kufika asilimia 88 hadi 92, walifariki asilimia 4. Waliofunguliwa oksijeni nyingi, asilimia 9. Kufungua mtungi mpaka mwisho kwa nia njema kunaweza kumwua mgonjwa wa COPD, kwa kuwa kaboni hupanda ndani yake. Kipimo cha kidoleni na mkono unaopunguza mtiririko wa oksijeni ni tiba inayookoa maisha.

La pili ni oksijeni ya nyumbani kwa wale wachache ambao damu yao ina upungufu mkubwa hata wakiwa wametulia. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1981 wenye wagonjwa 87 ulionyesha kwamba kuvuta oksijeni angalau saa 15 kwa siku hurefusha maisha: katika miaka mitano walifariki 19 kati ya 42 walioipata, na 30 kati ya 45 wasioipata. Mashine ya kutoa oksijeni hiyo inahitaji umeme wa uhakika na fedha, na wengi wetu hatuna. Ndiyo sababu moshi uondolewe jikoni kabla mtu hajaihitaji. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa aliyekwisha kuugua, kuhamisha jiko nje na kuacha tumbaku leo kuna faida leo.

La tatu ni kupunguza mateso. Kuketi akiinamia mbele, viwiko juu ya meza, kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobinywa, kupepewa usoni, haya hutuliza hisia ya kuzama. Mofini ya maji kwa kipimo kidogo, chini ya usimamizi wa daktari, inaweza kumsaidia aliye katika wiki za mwisho. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, ilionyesha Afrika Mashariki kwamba mofini ya kunywa inaweza kutolewa nyumbani kwa gharama ndogo, na hospitali ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa zilizoanza mapema tiba shufaa nchini. Tiba hiyo ilikua pamoja na saratani na UKIMWI. Wagonjwa wa mapafu wameachwa nje kwa sababu hakuna anayejua lini mwisho wao unaanza. Kigezo kiwe mateso, na tarehe isisubiriwe.

La nne ni mazungumzo. Binti anamvuta daktari pembeni ya wodi: "Dokta, mama atafika Krismasi?" Daktari mwenye hekima hamkwepi. "Dada yangu, siku siwezi kukutajia, na anayeitaja anakudanganya. Ila hii ni mara ya tatu mwaka huu mama analazwa, na nyumbani mlikuwa mnamwogesha. Wagonjwa wa hali hii, wengi wanarudi nyumbani, lakini wengi pia hawamalizi mwaka. Tunatibu kwa nguvu zote. Na huku tukitibu, mkae na mama, mumsikie mwenyewe anataka nini." Maneno hayo hayamwui mtu. Yanampa mama nafasi ya kusema shamba la mto ni la nani, nani aitwe kutoka Dar es Salaam, na kama akizidiwa tena anataka kupelekwa mjini au kubaki nyumbani kwake.

Kwa hiyo, msomaji mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani, weka daftari. Andika uzito wake kila mwezi, mahali anapoweza kufika kwa miguu, tarehe za kulazwa, na siku alipoanza kuhitaji msaada wa kuoga. Nenda nalo kliniki. Muulize daktari kama kuna kinachotibika ambacho hakijapimwa, na umuulize nini cha kutayarisha. Mgonjwa muulize anachotaka, na umuulize angali ana pumzi ya kujibu kwa kirefu. Hayo yanaweza kuanza wiki hii, na hayahitaji mtu yeyote ajue siku.